Mbao za Mfenesi wa Bi Ester

Naitwa Yohana Feruzi, fundi wa milango, mzaliwa wa Mbweni. Kina mama wa kanisa letu wameniomba niandike yaliyonipata, ili mgonjwa apate cha kusoma akiwa amelala. Nimeanza mara tatu, na mara tatu nimechana karatasi, maana kila nikiandika najikuta nimejichonga mzuri kuliko nilivyokuwa. Safari hii naandika kama yalivyo. Atakayenicheka na anicheke.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kujisikia. Kuchonga mlango wa Kizanzibari si kazi ya kila mwenye patasi, nami nilijua kwamba naijua. Nyumba kadhaa za Mji Mkongwe zilizogeuzwa hoteli zina milango yangu, na nikipita hapo nilikuwa napunguza mwendo nisikie wageni wanasema nini. Nyumba yangu mwenyewe ina vyumba vitatu na paa la bati, lakini mlango wake wa mbele ulikuwa wa mtu mwenye jumba. Mfenesi mtupu, samaki chini, maua juu, na mnyororo wa kuchongwa umepanda miimo yote miwili ya ubavuni. Watu wakisimamisha gari kuupiga picha. Mke wangu Tabitha alizoea kusema, "Yohana, wakiuona mlango wanadhani ndani mna sultani. Wakiingia wananikuta mie na ndoo."

Kanisa letu ni dogo, lipo kwenye mashamba nje kidogo ya Mbweni, na mimi nilikuwa mzee wa kanisa na mwimbaji wa besi. Mlango wake uliliwa na mchwa mpaka ukabaki kama biskuti. Tukaweka bati, tukalifunga kwa waya. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mzee wa kanisa ni fundi milango, na kanisa limefungwa kwa waya.

Jumapili moja baada ya ibada alisimama Bi Ester. Ni mjane, umri wake umepita miaka sabini, nyumba yake inapakana na kanisa. Nyuma ya nyumba alikuwa na mfenesi uliopandwa na marehemu mumewe, na mafenesi yake ndiyo yaliyompa sukari na sabuni. Akasema mti ule ukatwe, utoe mlango wa nyumba ya Bwana. Mchungaji akamuuliza kama amefikiri vizuri. Akajibu, "Nshafikiri. Mie naondoka, mlango utabaki."

Nami nikasimama, nikaweka nadhiri mbele ya wote kwamba nitauchonga mwenyewe bila malipo. Mti ukakatwa, ukapasuliwa mbao. Sasa mbao za mfenesi zina tabia yake. Zinataka kukauka polepole kivulini, na usipozigeuza zinapinda. Bi Ester alizigeuza mwenyewe, kila Jumamosi, kwa mwaka na nusu, na magoti yake yale mabovu, akizipangua na kuzipanga upya na vijiti katikati. Mimi nilipita mara mojamoja, nikagonga ubao kwa kidole, nikasema, "Bado kidogo, Bi Ester." Niliendelea kusema hivyo hata zilipokuwa zimeshakauka, kwa sababu nilikuwa na kazi nyingine zenye faida.

Ndipo nikapata kazi ya Bwejuu. Bwana Stefano, mgeni aliyekuwa akijenga hoteli pale ufukweni, alitaka mlango mkuu wa mabawa mawili kabla ya msimu wa watalii. Aliniambia, kwa Kiswahili chake kizuri, kwamba nikimpendeza na mlango huo nitapewa milango yote ya hoteli yake ya pili. Nilirudi nyumbani siwezi kukaa kitini. Lakini mfenesi mkavu haupatikani dukani kama misumari. Nilizunguka Unguja nzima, kila nilichokipata kilikuwa kibichi. Nikazikumbuka mbao za Bi Ester.

Nilijiambia nitazirudisha. Nitakata mti mwengine, nitaukausha, kanisa limengoja miaka, litangoja tena. Nikaenda kwake, nikamwamkia, nikasema, "Bi Ester, mbao ziko tayari. Nnazichukua, nnazipeleka karakana." Maneno yote hayo yalikuwa kweli. Ila karakana yenyewe ilikuwa Bwejuu, na hilo sikulisema. Zilipokuwa zikipakiwa garini alizipapasa moja moja, akasema, "Nendeni salama. Tutaonana Jumapili." Alikuwa anazungumza na mbao, si na mimi.

Jumapili hiyo sikwenda kanisani, nilibaki Bwejuu. Wala iliyofuata. Mchungaji alipiga simu, nikamwambia kazi imenibana, Mungu anajua. Kweli, Mungu alikuwa anajua. Aliyesahau hilo ni mimi.

Siku moja tulikuwa tunaondoa mbao zilizoshikilia zege, ili tupate nafasi ya kusimamisha miimo. Nilivaa ndara. Msumari wenye kutu ukapenya ndara na kuingia unyayoni, mguu wa kushoto, karibu na kisigino. Niliusikia ukigusa mfupa. Kombo, fundi mwenzangu, akanikalisha juu ya ndoo. Sisi mafundi tuna dawa yetu ya msumari. Kidonda hupigwa. Unashika nyundo, unaupiga unyayo palepale, si kwa nguvu lakini si kwa huruma pia, mpaka damu nyeusi itoke. Kisha unatia mafuta ya taa, unafunga kitambaa. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake Kombo. Kombo akapiga, mimi nikauma meno.

"Ushapona," akasema. "Sumu yote ishatoka."

Kumbe tulikuwa tumefunga mlango na mwizi yumo ndani.

Nilipomweleza Tabitha kwenye simu alisema, "Nenda kituo cha afya ukachome sindano."

"Ntakwenda kesho. Leo natia bawaba."

"Yohana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Wewe mkuu tangu lini?" nikamtania, akakata simu. Kesho ikawa keshokutwa, na keshokutwa kidonda kikaziba juu, kikavu, kizuri. Nikaona nimeshinda.

Mlango ulikamilika siku ya tisa baada ya msumari. Sijawahi kuchonga vile. Ulikuwa mzito kiasi cha watu wanane kuunyanyua, lakini ukishakaa kwenye bawaba unausukuma kwa kidole kimoja. Bwana Stefano aliupiga picha, akanipiga na mimi nimesimama pembeni nimekunja mikono, na picha ile ikaenea kwenye simu za watu. Jumamosi jioni akanichukua mjini, Forodhani, akasema nile chochote ninachokitaka, na tukishiba tuzungumze hoteli ya pili.

Nilichagua mishikaki. Nikafungua kinywa, hakikufunguka. Kiliachia upana wa kidole kimoja, kikakwama. Nikadhani ni uchovu. Nikakata nyama vipande vidogo nikivisukuma baina ya meno. Muuza juisi ya miwa alikuwa ananitazama.

"Fundi, leo unaozwa nini?" akasema kwa sauti. "Mbona wala kwa haya kama bibi harusi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Wao wakamaliza kucheka. Mimi mashavu yalibaki yamekaza, meno nje, kicheko hakiondoki. Nikageukia baharini ili watu wasinione. Habari za hoteli ya pili sikuzisikia hata neno.

Asubuhi yake, Jumapili, nikiwa nimerudi nyumbani, nilijitazama kwenye kioo nikamwona mtu anayecheka kwa mdomo na kulia kwa macho. Shingo haigeuki. Tabitha aliniletea uji, kijiko kikagonga meno, hakikupita.

"Yohana, acha mzaha."

Nilitaka kumwambia si mzaha. Ikatoka sauti ya puani tu. Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka, na mlio ule ukaniingia mwilini kama mtu aliyenishika uti wa mgongo kwa mikono miwili akauvuta. Nilipinda kinyumenyume, kisogo na visigino vikabaki kwenye mkeka, mgongo hewani. Tabitha akapiga ukelele, na ukelele wake ukanipinda tena.

Jirani yetu Haji Makame akaja mbio. Haji ni mtu wa Tumbatu, anauza samaki, tumeishi ukuta kwa ukuta miaka mingi. Shangazi yake aliyekuja nyuma yake akasema, "Kapandwa na pepo huyu. Atafutwe mtu amsomee."

"Dua tutaomba njiani," Haji akajibu. "Kwanza hospitali."

Alinilaza kwenye gari yake ya samaki, juu ya magunia. Honi ya kwanza barabarani ilinikunja, na Haji akaelewa. Kutoka hapo hakupiga honi hata moja. Aliendesha mkono mmoja nje ya dirisha, akiwaomba watu njia kwa ishara, anavyoomba mtu mwenye maiti.

Hospitalini alitupokea daktari kijana, Daktari Zuhura, anayezungumza kwa sauti ya chini. Aliuliza swali moja tu. "Ana kidonda?"

Tabitha akasema, "Alichomwa na msumari. Lakini kimeshapona."

Daktari alikipasua kidonda kilichopona. Ndani mlikuwa na usaha, na kipande cha mpira wa ndara kidogo kama punje ya mchele. "Hii ni pepopunda," akasema. Alieleza kwamba kijidudu chake hukaa kwenye udongo na uchafu, na kikiingia ndani hupenda nyama iliyopondwa. Tabitha akamwambia habari ya nyundo. Daktari akafumba macho kidogo, hakutusema.

"Atapona?"

"Siwezi kukuahidi, dada. Wapo wanaopona. Anahitaji dawa na anahitaji kimya."

Wakanitia chumba cha peke yangu. Madirisha yakafunikwa mashuka mazito, pengo la chini ya mlango likazibwa kwa kanga ya Tabitha. Wauguzi waliingia pekupeku. Nikatiwa mpira puani wa chakula na mwengine wa mkojo, nikachomwa sindano nisizozijua idadi. Jasho lilinitoka mpaka godoro likalowa. Niliuma ulimi, ukavimba, damu ikaniganda kwenye meno. Kila mshtuko ulipokuja nilihisi mgongo utapasuka kama ubao mbichi uliopigwa jua. Na nataka mjue jambo hili, enyi mnaowauguza watu wa ugonjwa huu: akili haiondoki. Nilikuwa macho, nasikia yote, najua yote, ila mwili si wangu.

Sikuwahi kujua dunia ina makelele kiasi kile. Pakiti ya bomba la sindano ikichanwa, nilipinda. Funguo mfukoni mwa mtu, nilipinda. Kikohozi cha chumba cha tatu, nilipinda. Kitu kimoja tu hakikuniumiza, nacho ni adhana, iliyonifikia kwa mbali na laini, na kwa adhana hiyo nilihesabu siku.

Desturi ya kanisa letu ni kumwimbia mgonjwa. Tunakwenda kundi zima, tunazunguka kitanda, tunaimba, tunaomba kwa sauti mpaka wagonjwa wa jirani nao wanasema amina. Kwaya ikaja Jumapili ya pili, imevaa sare. Daktari Zuhura akawazuia koridoni. Nasimuliwa aliwaambia, "Wimbo mmoja unaweza kumuua."

Wangeweza kuondoka. Hawakuondoka. Mlango wa chumba ulikuwa na kioo kidogo, na wakaruhusiwa kusogea wawili wawili. Wakavua viatu. Nikaziona sura zao kwenye kioo, midomo inachezacheza, hamna sauti. Waliimba wimbo wote vile, ubeti kwa ubeti, kila wawili wakiwapisha wengine. Nilikuwa najua ni wimbo gani kwa midomo tu. Nilijua hata pale besi inapoingia. Nimeimba miaka ishirini katika kwaya ile, na sijawahi kusikia wimbo kama ule ambao haukuwa na sauti. Machozi yakanishuka, na yalikuwa yanaingia masikioni, siwezi kuyapangusa.

Wa mwisho alikuwa Bi Ester. Aliweka kiganja kwenye kioo, kama alivyozipapasa mbao zile, akasimama muda mrefu kuliko wote.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kabla ya hapo niliogopa kufa. Sasa niliogopa kufa bila ya kumwambia. Kinywa changu kilikuwa na mzigo, na hakifunguki. Tafadhalini msinielewe vibaya, sisemi kwamba Mungu alinichoma msumari. Msumari ulikuwa wa kutu na mimi nilivaa ndara. Lakini nilikuwa nimeweka mikono yote miwili kwenye mlango wa mtu tajiri, na sasa mikono ile haikuweza hata kujikuna. Nilitazama dari nikaona kila nilichokikimbilia, picha, sifa, hoteli ya pili, hakuna hata kimoja kilichoweza kuingia chumbani mle. Waliofika mpaka kiooni ni wale niliowakimbia.

Sikuweka nadhiri. Nilikwishavunja moja, ningethubutuje kuweka nyingine? Niliomba jambo moja tu, nipewe kinywa kwa muda wa kusema na Bi Ester, kisha Bwana afanye atakavyo.

Siku chache baadaye koo ilijifunga kabisa. Pumzi ikakatika. Nilimwona Daktari Zuhura akiruka kitandani na mpira wa hewa, nikaona mdomo wake unatoa amri, kisha nisisikie kitu. Kile kimya hakikuwa kitupu. Chumba kilikuwa na Mtu. Sikuona nuru wala malaika, ningeona ningesema. Nilijua tu kwamba nipo mbele zake, ninajulikana kwa ndani, mpaka kwenye ile punje ya mpira, na kwamba sifukuzwi. Nilidhani nitaulizwa kuhusu mbao. Sikuulizwa kitu. Nilitazamwa kwa upendo, na hilo lilinivunja kuliko swali lolote.

Kisha hewa ikaingia, kali kama pilipili. Daktari aliniambia baadaye, "Ulituaga, kaka Yohana. Tangu umerudi umekuwa ukilegea kila siku, na mie nimebaki kushangaa tu." Tukashangaa pamoja, yeye na hijabu yake, mimi na mpira wangu puani.

Wiki ya nne taya likaachia. Tabitha alinitia maji kwa kijiko, kikapita. Akaniuliza ninataka nini. Nikasema, kwa sauti ya kukwaruza, "Niitie Bi Ester."

Alikuja, akaketi, akaamkiwa. Nilimweleza yote, neno kwa neno, na yalinichukua muda mrefu kwa kuwa ulimi ulikuwa bado mzito. Nikamwambia mbao zake ni mlango wa hoteli huko Bwejuu. Nikangoja.

"Najua," akasema.

Nikamtazama.

"Binti yake Haji alinionesha picha kwenye simu yake, siku ile ile ulipoletwa huku. Bawa la kulia lina jicho jeusi, fundo la mti, chini ya ua. Mie nimeligeuza jicho lile kila Jumamosi mwaka na nusu, unadhani silijui?"

"Ulikuwa unajua uliposimama pale kiooni?"

"Nlikuwa nnajua."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesemaje?" akajibu Bi Ester. "Si tumekatazwa kupiga kelele?"

Nilicheka, na safari hii kicheko kilipokwisha kiliondoka. Yeye akacheka pia, kisha akalia, akanishika mkono, akasema amenisamehe siku nyingi, kwa sababu alikuwa hataki kumwombea mtu huku amemwekea kinyongo, ingekuwa kazi bure. Mimi niliyeitwa mzee wa kanisa nilijiona mtoto mbele ya mama yule.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani nikitembea na fimbo. Mwili bado ulikuwa unashtuka kwa kelele. Wiki hiyo ilikuwa harusi ya binti yake Haji, na spika za taarabu zilikwishakodiwa. Haji akazirudisha zilikotoka. Wanawake wakaimba kwa kupiga makofi ya vidole viwili, ukuta wa pili, na shangazi yake akisimama mlangoni akiwanyamazisha watoto. Nilipomwambia Haji kwamba ameiharibu harusi kwa ajili yangu, alisema, "Harusi imefanyika, bibi harusi kaenda kwa mumewe. Kipi kilichoharibika?"

Siku tatu baadaye akaja Bwana Stefano, na matunda kapu zima. Alifurahi kweli kuniona. Hoteli ya pili ilikuwa tayari. Milango yote yangu, gari ya kazi, nyumba ya kukaa huko huko, na mafundi chini yangu wa kufanya kazi nzito. Nianze Jumatatu, siku saba za wiki, Jumapili ikiwamo, mpaka ikamilike. Lakini Daktari Zuhura alikwishaniambia, "Kwa miezi mitatu mikono yako ina nguvu ya kazi moja tu, na iwe ndogo." Ilibidi nichague hiyo moja. Na nyumbani, ndugu zangu, hatukuwa na akiba. Ugonjwa ulikwishakula kila kitu.

Nilimtazama Tabitha. Yeye alikuwa anatazama mlango wetu.

Nikamwambia Bwana Stefano mbao zake zilikotoka. Akawa mwekundu, akasema angejua asingezipokea, na kwamba mlango atauvunja aurudishe. Nikampelekea Bi Ester swali kwa simu. Akakataa katakata. "Mtu kanunua kwa haki yake. Kosa si lake, usimvunjie nyumba." Basi nikamshukuru Bwana Stefano kwa wema wake, nikamwambia hoteli ya pili ampe mwengine. Aliondoka akitikisa kichwa, na matunda akatuachia.

Gari ilipoondoka nikamwuliza Tabitha, "Unafikiri ninavyofikiri?"

"Nnafikiri tutalala wapi bila ya mlango," akasema. Kisha akasema, "Ung'oe. Nshachoka kuwa mke wa sultani."

Kombo alitoka Bwejuu kuja kusaidia, na nyundo yake mkononi. Nikamwambia nyundo ikae mbali na mguu wangu. Yeye, Haji na wanakwaya wakauondoa mlango wa nyumba yangu na miimo yake, uwe mlango wa kanisa, wakaulaza kwenye vigogo barazani. Haji akaleta ubao wa plaiwudi uliokuwa nyuma ya gari yake, akatuzibia. Mpaka leo nyumba yetu inanuka samaki changu kidogo.

Bi Ester alikuja kuukagua. Akapita na kidole. "Samaki sawa. Maua sawa." Akafika kwenye miimo. "Na minyororo hii, Yohana? Wewe mtu wa Mbweni."

Nilikuwa nimeichonga kwa sababu milango ya wenye mali huwa na mnyororo. Sikuwahi kufikiri zaidi ya hapo. Bibi yake bibi yangu aliletwa Mbweni akiwa mtoto, ametolewa utumwani, na mimi wa uzao wake nikaketi na patasi kuupamba mnyororo mlangoni pangu, nikaona fahari. Basi hiyo ikawa kazi yangu ndogo. Kila asubuhi nilikaa barazani na patasi nyembamba nikitoa pete moja, nyingine siku ya pili, mpaka vidole vikajifunza tena kushika. Miezi miwili mizima. Ukipita kanisani kwetu utaona miimo ina alama hafifu za mahali pete zilipokuwa. Ningeweza kuzisugua zikaisha, lakini Bi Ester alisema ziache.

Sasa nitoe nasaha yangu, maana Tabitha anasema nikiisahau ataandika yeye. Ukichomwa na msumari, mwiba au kopo, usipige, usitie mafuta ya taa, usingoje kesho. Osha kwa maji mengi na sabuni, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na aliyekwisha kuugua pepopunda achanjwe pia, maana ugonjwa huu hauachi kinga. Mimi nimechanjwa na kadi ninayo. Wauguzi waliotembea pekupeku, Daktari Zuhura, Haji na nyumba yake, Mungu awalipe, mimi siwezi. Na wewe unayejenga, unayefukuzia hoteli ya pili, sikwambii uache kazi. Kazi ni njema. Nakuuliza tu, ukilazwa kwenye chumba kisichotaka kelele, nani atakayesimama kiooni?

Tuliusimamisha mlango Jumamosi. Jumapili asubuhi ulifungwa, watu wote tukiwa nje, kwa kuwa tulikubaliana wa kwanza kuufungua awe Bi Ester. Aliusukuma kwa viganja viwili, na ukaenda. Tukaingia. Kiongozi wa kwaya akanijia nilipoketi, akainama sikioni, akaniuliza kama waanze kwa sauti ya chini, na ngoma waiache. Nilikuwa sijakaa karibu na ngoma tangu niugue.

Nikamwambia, "Imbeni."

Ngoma ikapigwa. Nilishika benchi kwa mikono miwili nikiungoja mgongo. Sauti zao zote zikaja kwa pamoja, ule wimbo niliouona kiooni kwenye midomo yao, na bati la paa likatetemeka. Mgongo wangu ulitulia. Nikaachia benchi, nikasimama, na besi ilipofika pake nikafungua kinywa, nikaingia nao.